Herufi ya Pili

Kibiro ni kijiji cha wavuvi na wapika chumvi, kilichobanwa kati ya gema la Bonde la Ufa na maji ya Ziwa Albert, upande wa Uganda, katika nchi ya Bunyoro. Ukishuka gema hilo hadi karibu na ufuko unawakuta wanawake katika mashamba yasiyoota kitu. Wanatandaza udongo mkavu juu ya ardhi yenye chumvi. Jua linauvuta unyevu juu, chumvi inaganda kwenye udongo ule. Kisha wanaukwangua, wanauchuja kwa maji katika vyungu vilivyotobolewa, na maji yanayodondoka wanayachemsha mpaka ibaki chumvi tupu. Kazi hii imerithishwa kutoka kwa mama hadi binti kwa karne nyingi. Chumvi yenyewe huletwa na chemchemi za maji moto zinazopanda kwenye nyufa za mwamba chini ya gema. Na hapohapo Kibiro, katika nyufa za jinsi hiyo, hutoka pia kitu kingine: mafuta mazito yanayojipenyeza yenyewe kutoka chini hadi juu.

Mwaka 1925 mjiolojia Mwingereza, Edward James Wayland, aliyekuwa akiongoza idara ya jiolojia ya Uganda, alichapisha taarifa kuhusu petroli nchini humo na kuieleza mivujo ya namna hii kandokando ya ziwa. Wenyeji waliijua mivujo hiyo kabla yake. Alichoongeza yeye ni kuiweka kwenye karatasi, kila mmoja mahali pake, karibu na ufa wake na aina ya mwamba wake, ili mtu asiyewahi kufika Kibiro aweze kuiona yote kwa pamoja na kujiuliza: mafuta haya yanatoka wapi, na kule yanakotoka kuna kiasi gani?

Nataka kuisifu kazi iliyoanzia hapo. Ni kazi ya kuchora ramani ya kitu kisichoonekana, tena kwa ajili ya watu ambao wengi wao hawatachimba kisima hata kimoja: mpangaji wa wilaya anayetafuta mahali pa kuweka makazi, mhifadhi anayelinda mapito ya tembo, mfugaji anayetaka kujua kama malisho yake yatakuwepo watoto wake wakikua. Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Ramani ya uwezekano wa mafuta na gesi huonekana nyepesi: madoa ya rangi tatu au nne juu ya karatasi. Lakini kila doa lina mikono mingi nyuma yake.

Kazi huanza kwa miguu. Mjiolojia hupanda gema akiwa na nyundo, dira, daftari na kioo kidogo cha kukuzia kinachoning'inia shingoni. Anavunja kipande cha mwamba, anakitazama, anapima tabaka limelalia upande gani na kwa mwinamo gani. Katika Bonde la Ufa gema ni kama kitabu kilichopasuliwa katikati. Mamilioni ya miaka iliyopita ardhi ilivutwa pande mbili, sehemu ya kati ikadidimia, na shimo lile likajaa mchanga, matope na mabaki ya viumbe vya maziwa ya kale. Mahali pengine chini ya Ziwa Albert mashapo hayo yana unene wa kilomita kadhaa. Yaliyozikwa chini kabisa hayafikiki kwa nyundo, ila kingo zake zimeinuliwa na kuachwa wazi kwenye gema. Anayejua kusoma hukisia kurasa zilizofunikwa kwa kusoma zile zilizo wazi.

Baada ya miguu hufuata vipimo vya angani na vya mvuto wa dunia. Miamba migumu ya kale iliyo chini ya mashapo ina madini yenye usumaku, na kadiri inavyozama ndivyo athari yake inavyofifia na kutandawaa. Ndege ikipita kwa mistari iliyonyooka huku ikipima usumaku, mtaalamu anaweza kukadiria mwamba ule wa kale uko chini kiasi gani, na kwa hiyo mashapo juu yake yana unene kiasi gani. Katika miaka ya 1983 na 1984 ndege ilipima hivyo juu ya bonde zima la Albert upande wa Uganda. Mafuta hayakuonekana, kwa kuwa ndege haiwezi kuyaona. Kilichoonekana ni mahali shimo lilipo na kina kirefu, na kwa hiyo mahali panapostahili kutazamwa tena. Hii ndiyo adabu ya kwanza ya ufundi huu: kila kifaa kiulizwe swali linalokihusu tu.

Kisha inakuja mitetemo, na hapa ndipo ninaposimama kwa muda mrefu zaidi kila ninapoifikiria kazi hii. Ardhi hutikiswa, ama kwa baruti ndogo, ama kwa lori lenye bamba zito linalotetemesha udongo, ama ziwani kwa mpigo wa hewa iliyoshindiliwa. Mtikisiko unashuka, unagonga mpaka wa tabaka moja na jingine, na sehemu yake inarudi juu kama mwangwi. Vipokezi vilivyopangwa kwa mstari vinaunasa mwangwi huo na kuandika umechukua milisekunde ngapi. Ukiweka maelfu ya miangwi hiyo bega kwa bega unapata picha ya mistari myeusi na myeupe, iliyojipinda na kukatika, kama mkeka uliokunjwa.

Picha hiyo haisemi chochote mpaka mtu aketi mbele yake. Mfasiri huchagua mstari mmoja, mathalani sehemu ya juu ya tabaka fulani la mchanga, na kuufuata kwa kalamu ya rangi au kwa kompyuta, sentimita kwa sentimita. Panapokatika anajiuliza: je, huu ni ufa uliolishusha tabaka, au ni kelele tu za kipimo? Akimaliza mstari mmoja anahamia mwingine unaoukata ule wa kwanza. Pale inapokatana, tabaka lazima liwe kwenye kina kilekile katika picha zote mbili. Lisipokuwa, kuna kosa mahali fulani, na anarudi nyuma mpaka alipate. Anazunguka hivyo mistari minne, sita, kumi, hadi arudi alikoanzia. Na akirudi lazima akute namba ileile aliyoondoka nayo. Nimeipenda sheria hii tangu niliposimuliwa. Hakuna msimamizi anayehitaji kumkagua mtu huyu, kwa sababu ramani yenyewe humkagua kila njia mbili zinapokutana.

Kutokana na mistari hiyo huzaliwa ramani ya umbo la tabaka, na ndani yake mtaalamu hutafuta kitu kinachofanana na bakuli lililofunikwa kifudifudi. Sababu yake kila mpishi anaijua: mafuta hupanda juu ya maji, kama yanavyopanda juu ya mchuzi. Mafuta yaliyozaliwa chini hupenya kwenye vinyweleo vya mwamba vilivyojaa maji, yakielekea juu, hadi yakutane na kizuizi. Pasipo kizuizi huendelea hadi juu ya ardhi na kupotea, kama Kibiro. Penye bakuli la mwamba usiopitisha kitu, hukusanyika chini yake.

Kwa hiyo ramani ya uwezekano hujengwa juu ya maswali manne. Je, upo mwamba mama, wenye mabaki ya viumbe ya kutosha, na je, umezikwa kwenye joto la kutosha kuyapika yawe mafuta? Je, upo mwamba wenye vinyweleo vya kuyapokea? Je, upo mwamba wa kuyafunika yasitoroke? Na je, bakuli lilikuwa tayari wakati mafuta yalipopita, au liliumbika baada ya msafara kwisha kupita? Kila swali hupewa ramani yake, nayo hupakwa rangi za taa za barabarani: kijani penye dalili njema, njano penye shaka, nyekundu pasipo matumaini. Ramani hizo hupandishwa moja juu ya nyingine, na rangi mbaya kuliko zote ndiyo inayotawala. Mahali penye kijani tatu na nyekundu moja ni pekundu, kwa sababu mwamba mama ulio bora hausaidii kitu kama hakuna mfuniko.

Hesabu yake hufundisha unyenyekevu. Tuseme mtaalamu ana matumaini ya asilimia 80 kwa swali la kwanza, 70 kwa la pili, 60 kwa la tatu na 50 kwa la nne. Kila moja peke yake linatia moyo. Lakini yote manne lazima yatimie kwa pamoja, na ukizidisha unapata chini kidogo ya asilimia 17, yaani nafasi moja katika sita. Mtu anayefanya hesabu hii kila wiki hujifunza kutotamka neno "mafuta yapo" kabla ya wakati wake.

Sasa nije kwenye jambo ninaloliona kuwa taji la ufundi huu. Huko Marekani, idara ya serikali kuu inayosimamia ardhi ya umma ina utaratibu wa kupima uwezekano wa madini na mafuta katika eneo kabla ya kupanga matumizi ya ardhi yake. Kila eneo kwenye ramani hupewa alama mbili. Ya kwanza hueleza kiwango cha uwezekano: wa juu, wa wastani, wa chini, au hakuna. Ya pili ni herufi, kuanzia A hadi D, nayo hueleza uhakika. A maana yake ushahidi hautoshi. D maana yake ushahidi ni mwingi, wa moja kwa moja na wa kuzunguka. Tena kuna alama ya pekee kwa eneo ambalo taarifa zake hazitoshi kutamka lolote: haijabainika. Eneo la namna hiyo halichanganywi na lile ambalo uwezekano wake umechunguzwa na kuonekana haupo.

Tazama busara iliyomo humo. Alama ya kwanza inasema juu ya ardhi. Ya pili inasema juu yetu sisi, tumejua kiasi gani. Maeneo mawili yanaweza yote kuandikwa "chini", moja kwa sababu visima kumi vimechimbwa na kukauka, jingine kwa sababu mtu mmoja alipita mara moja na hakuona kitu. Kwa macho ya haraka yana rangi moja. Kwa mpangaji wa ardhi ni mambo mawili tofauti kabisa: la kwanza unaweza kulijengea mji kwa utulivu, la pili unalipanga ukijua kwamba kesho huenda ikaleta habari nyingine.

Historia ya Ziwa Albert ni somo la herufi hiyo. Mwaka 1938 kisima kiitwacho Waki kilichimbwa karibu na Butiaba, kikashuka zaidi ya mita 1,200, na hakikuleta mafuta ya biashara. Vita Kuu ya Pili ikafuata, na utafutaji ukalala kwa miongo mingi. Ungeweza kuandika "chini" juu ya bonde lote, na usingekuwa umesema uongo kwa kadiri ya ushahidi. Lakini kisima kimoja katika bonde lenye urefu wa takriban kilomita 500 ni sindano moja kwenye gunia la mchele. Mtu mwaminifu angeandika "chini", kisha pembeni yake angeweka herufi ya mashaka makubwa. Mwaka 1998 mistari ya kwanza ya mitetemo ilipimwa katika eneo la Semliki. Visima vilivyochimbwa huko kuanzia mwaka 2002 vilikuta gesi, ila gesi iliyojaa hewa ukaa isiyowaka: bakuli lilikuwepo kweli, kilichojaa ndani yake ndicho kilichokuwa tofauti. Ramani ikasahihishwa tena. Mwanzoni mwa mwaka 2006 kisima cha Mputa, upande wa Hoima, kikatoa habari iliyosubiriwa miaka 68 tangu Waki. Kwa miaka mingi mafuta yaliyomo chini ya eneo hilo yalikadiriwa kufikia mapipa bilioni 6.5, na yanayoweza kutolewa takriban bilioni 1.4. Hata namba hizi mbili zinafuata adabu ileile: kilichopo ni kimoja, na kinachoweza kufikiwa ni kingine.

Lakini ramani ya chini ya ardhi, hata ikiwa bora namna gani, ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni ramani ya juu. Sehemu kubwa ya mafuta hayo iko chini au kando ya Hifadhi ya Taifa ya Murchison Falls, hifadhi kubwa kuliko zote Uganda, pale Mto Nile unapoingia ziwani kwenye delta ya mafunjo ambayo mwaka 2006, mwaka uleule wa Mputa, iliandikishwa kuwa ardhi oevu yenye umuhimu wa kimataifa. Mwaka 2009 mamlaka ya mazingira ya Uganda ilitoa atlasi inayoonyesha unyeti wa bonde la Albert. Kazi ya namna hiyo ina maswali yake na subira yake. Samaki huzalia wapi? Ndege wa majini hukusanyika kwenye ufuko upi? Mafuta yakimwagika hapa, mchanga utayanywa au mawimbi yatayaosha? Nani huvua hapa, nani huteka maji, nani amezika wazee wake? Mchoraji wa ramani ya juu hutegemea wavuvi, wafugaji na wapika chumvi kama vile mwenzake wa chini anavyotegemea mwangwi.

Ramani hizo mbili zinapowekwa pamoja ndipo uamuzi wa matumizi ya ardhi unapopata macho. Zikionyesha bakuli la mafuta chini ya mahali pasipofaa kuguswa, swali hubadilika kutoka "tuchimbe au tusichimbe" na kuwa "tusimame wapi ili tufike kule, au tuache?" Visima vya siku hizi vinaweza kupindishwa chini ya ardhi. Katika mradi wa Kingfisher visima huanzia nchi kavu kandoni mwa ziwa na kuinama kwenda chini ya maji, ili mitambo isisimame ziwani. Katika mradi wa Tilenga visima vingi hukusanywa kwenye kiwanja kimoja badala ya kutawanywa. Hata hivyo, viwanja kadhaa vimewekwa ndani ya hifadhi yenyewe, na wapo wanaoona kwamba hata kimoja ni kingi. Hilo ni jambo la wananchi kulijadili. Nisemalo mimi ni kwamba mjadala huo hauwezekani bila ramani mbili zilizochorwa kwa uaminifu uleule.

Nao uzito wa ramani hizo hauishii ziwani. Mafuta ya Albert yalizaliwa na mabaki ya viumbe vya ziwa la kale, ndiyo maana yana nta nyingi na huganda yakipoa. Bomba la kuyapeleka baharini limepangwa kupashwa moto njia nzima, kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, na kati ya hizo 1,147 ziko Tanzania, katika mikoa minane kuanzia Kagera. Tabia ya tope lililolala chini ya Ziwa Albert tangu zamani za kale imechangia kuamua mkulima wa Singida au Manyara asilime wapi.

Mkulima huyo, au mwenzake wa Bunyoro, hamiliki kilicho chini ya shamba lake. Kwa sheria za Uganda na za Tanzania, petroli iliyo ardhini iko mikononi mwa dola kwa niaba ya wananchi. Yeye ana juu, taifa lina chini. Kabaale, wilayani Hoima, takriban kilomita za mraba 29 za mashamba na nyumba zilitwaliwa kwa ajili ya kiwanda cha kusafisha mafuta na uwanja wa ndege, na watu wa vijiji 13 wakalazimika kuhama. Kwa watu kama hao rangi kwenye ramani ni nyumba, mgomba, na kaburi la babu. Na ramani ikijulikana kwa wachache tu, wachache hao hununua ardhi kwa bei ya jana kutoka kwa watu wasiojua habari za kesho. Ndiyo maana nasema uaminifu wa mchoraji ni haki ya mwananchi, na ramani iliyofungiwa kabatini imenyimwa nusu ya thamani yake.

Kuna pia haki ya muda. Nchini Tanzania, gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974 na ikaanza kuzalisha umeme Dar es Salaam mwaka 2004. Miaka 30 ni umri wa mtu kuzaliwa, kusoma, kuoa na kujenga. Ramani inayosema "huenda" isitumike kumzuia mtu kupanda mikorosho kwa miaka 30. Mchoraji mzuri humsaidia mpangaji hapa pia: anamwambia palipo na dalili, anamwambia uhakika wake, na humwacha mwenye shamba aishi huku vipimo vikiendelea.

Ukizikusanya kazi zote hizi, nyundo ya kwenye gema, ndege yenye mistari iliyonyooka, kalamu inayofuata tabaka hadi irudi ilikoanzia, maswali manne yanayozidishwa na mvuvi anayeulizwa samaki wanazaa wapi, utaona zinashikiliwa na tabia moja: kutenganisha unachokijua na unachokidhani, na kuviandika vyote viwili mbele ya watu.

Basi ndugu msomaji, ikitokea siku moja mkutano mkuu wa kijiji chako ukatandikiwa ramani ya kile kinachodhaniwa kuwepo chini ya mashamba yenu, msiishie kwenye rangi. Rangi ni herufi ya kwanza. Ombeni ya pili: mna uhakika kiasi gani, na mmeupata wapi? Mchoraji stadi atafurahi kuulizwa, kwa sababu hilo ndilo swali alilojiuliza yeye mwenyewe kila mistari yake ilipokutana.